Makoti ya Ghorofa ya Tisa

Sehemu ya sita

Mlango ulikuwa wazi, taa zilikuwa zimewashwa, na mtu aliyempa mgongo Bibi Viti alikuwa amebeba makoti mengi kuliko yanayoweza kuvaliwa na familia nzima.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, ndani ya jengo la kampuni ya mafuta. Wako wasomaji walioniandikia kwamba huyo ni mwizi. Mmoja ameapa kabisa kwamba ni jini. Poleni nyote. Mwizi huondoka na makoti, na mtu huyu alikuwa anayapanga.

Alikivika kiti cha kwanza koti la kijivu, akalinyoosha mabega. "Habari ya asubuhi, mhandisi," alikiambia kiti. Akaenda cha pili, akakivika sweta la kike, akaweka miwani mezani. "Umeamkaje, mama? Mtoto homa imeshuka?"

Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, halafu akasogea kiti cha tatu.

Bibi Viti alisimama pale mlangoni, mkono bado umeshika kitasa. Huyo angekuwa mwizi kweli, Bibi Viti angepiga kelele. Kwa jambo hili hakujua apige kelele ya aina gani.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nieleze upesi kabla mtu yule hajageuka.

Bibi Viti ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, na jina hilo limetokana na kazi yake. Kampuni ikitaka kujua inahitaji ofisi ngapi, humtuma yeye. Hupita kila meza mara nne kwa siku, siku kumi za kazi, na kwa kila kiti huandika neno moja kati ya matatu: mtu, dalili, au tupu. Mtu ni mtu na tupu ni tupu. Dalili ni koti mgongoni mwa kiti, miwani mezani, kikombe ambacho bado kina joto. Yaani mwenyewe yupo, ametoka tu. Dalili huhesabiwa sawa na mtu. Kanuni hiyo aliibuni yeye mwenyewe, akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila ghorofa ili wafanyakazi wasijione wanapelelezwa.

Visima vya kampuni vilikuwa vimepungua nguvu, watu nao wamepunguzwa, na sasa ilibaki kuamua majengo. Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ghorofa sita za kupanga katika jengo hili la mjini. Ya pili ni mtaa wa matangi, mali ya kampuni yenyewe, mwendo wa dakika arobaini kwa gari: ofisi za zamani, na kando yake nyumba arobaini ambamo wastaafu wachache wameachwa wakae hadi mwisho wa maisha yao, au hadi mtaa uuzwe. Zaidi ya nusu ya viti vya mjini vikiwa na watu, kampuni inabaki mjini na mtaa unauzwa na kubomolewa. Vikipungua nusu, kampuni inahama mjini na kwenda mtaani, na wastaafu hawaguswi.

Hesabu ya Bibi Viti ilitoa asilimia hamsini na tatu. Aliisaini Jumatano, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi mezani.

Alilia kwa sababu katika nyumba namba kumi na saba ya mtaa ule anaishi baba yake. Kazini hakuna aliyejua hilo; wangejua, wangemtoa kwenye kazi ya kuhesabu. Mzee huyo alikuwa fundi bomba, amefiwa na mke, na macho yake yamekwisha. Lakini ndani ya nyumba ile anatembea kama kijana. Hatua sita kutoka kitandani hadi mlangoni, kumi na moja hadi jikoni, mkono wa kulia kiberiti, wa kushoto birika. Saa kumi na moja jioni redio ikitangaza saa, anawasha jiko kwa ajili ya chai, na hajawahi kukosea. "Humu ndani mimi naona," humwambia binti yake. "Mkinitoa humu ndipo nitakuwa kipofu."

Na Alhamisi, yaani jana, Bibi Viti alikuwa ametambua kwamba kikombe kimoja cha ghorofa ya tisa kimeelekeza mkono wake dirishani siku kumi mfululizo. Ndiyo maana leo alidamka.

Sasa yule wa makoti akageuka.

Alikuwa Mzee Ramani, mchora ramani wa kampuni, mtu mfupi mwenye mvi na kalamu tatu mfukoni. Hakushtuka wala hakutafuta pa kukimbilia.

"Shikamoo," Bibi Viti alisema, maana adabu ilimtoka mdomoni kabla ya hasira.

"Marahaba, mwanangu. Nishikie hili."

Akampa koti. Bibi Viti akalishika. Mpaka leo hajui kwa nini alilishika.

Aliuliza wengine wako wapi. Mzee akamjibu kwamba wengine hawapo. Idara ya ramani ilikuwa na watu arobaini na wanne, wakaondolewa watatu leo, wanne mwezi ujao, mpaka akabaki yeye. Karatasi za kampuni zilionyesha ghorofa ya tisa ni ya wapitaji, kwamba wachimbaji wakitoka visimani watakaa humo popote wapendapo. Hakuna mchimbaji aliyewahi kukanyaga. Na wale walioondoka waliondoka mbiombio. Mtu akiambiwa kabla ya chakula cha mchana awe ametoka, hakumbuki sweta. Aliyaweka yote kabatini, makoti na masweta thelathini na moja, akidhani wenyewe watayarudia.

"Kisha nikasoma kanuni yako pale ubaoni," alisema. "Umeieleza vizuri. Ulisema kikombe kiwe na joto, basi nikanunua birika."

Bibi Viti nusura acheke. Akafanya hesabu kichwani, kazi aliyoizoea. Ukiondoa viti thelathini na moja, asilimia hamsini na tatu inashuka hadi arobaini na moja. Chini ya nusu. Mtaa hauuzwi, na baba yake habanduki.

Hapo hasira ikampanda. Alimwambia mzee makoti yake yanawatoa watu majumbani mwao.

"Watu gani?"

"Wa mtaa wa matangi."

Mzee Ramani akasogea karibu, uso umebadilika. "Ndilo hasa nililoliandika. Kuna ramani kwenye droo ya kumi na moja..."

"Mzee, leo sina muda wa ramani."

"Ulisoma maoni yangu?"

Kila fomu ya kuhesabu husainiwa na mpimaji na mkaaji mmoja wa ghorofa, na chini kabisa kuna kisanduku cha maoni ya mkaaji. Bibi Viti aliacha kuyasoma mwaka juzi, baada ya kusoma kurasa mia mbili za malalamiko kuhusu karatasi za chooni na nani ameongeza baridi ya kiyoyozi. Siku hizi anatazama namba na saini, anatia kwenye faili. Lakini alijibu kwa ile sauti ya ofisini mnayoijua.

"Nitayasoma, mzee. Naahidi."

Mzee akamtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu aliyezoea kuahidiwa.

Bibi Viti akaanza kukusanya makoti kwa hasira, kiti baada ya kiti, akiyalundika mkononi. Alipofika kiti cha ishirini na saba, mkono ukamsita. Lilikuwa sweta la buluu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi wa buluu ulikuwa umekwisha siku ile, na mama yake, Mungu amrehemu, alisema nani atakutazama kiwiko.

"Hili ni langu," alisema.

"Ni lako. Ulikaa hapo miaka miwili kabla hawajakupandisha ghorofa ya kumi na mbili. Nilidhani ungelirudia."

Miaka sita mzee alikuwa amelitunza. Na siku hizi, alisema, kila asubuhi hukisalimu kiti hicho pia, humwuliza binti wa kiti cha ishirini na saba hajambo. "Hukuwahi kujibu," aliongeza bila kinyongo, "lakini nilijua una kazi nyingi."

Bibi Viti akakaa kwenye kile kiti. Siku kumi, mara nne kwa siku, alikuwa amepita mbele ya sweta lililoshonwa na mama yake, na mara arobaini ameandika kwamba mwenye kiti yupo. Alijihesabu mwenyewe asijijue. Nyumbani kwake kuna viti vinne na mtu mmoja, na kwa kanuni yake, ile nyumba ingefungwa zamani. Kazini hula peke yake mezani. Hakumbuki lini mtu alimwuliza hajambo akasubiri ajibu, isipokuwa huyu mzee, naye alikuwa akiuliza sweta.

Aliona uchungu, uchungu wa wazi kabisa. Lakini baba ni baba.

Akatoa fomu ya marekebisho mkobani, akaiweka mezani. Kwa taratibu za kampuni, hesabu haibadilishwi bila saini mbili: ya mpimaji, na ya mkaaji wa ghorofa. Na mkaaji wa ghorofa alikuwa mmoja tu.

"Nikisaini, ghorofa hii haipo tena," mzee alisema.

"Watakustaafisha kwa heshima."

"Kustaafu nakujua. Mimi nauliza mchana nitakuwa wapi."

Bibi Viti aliiacha fomu pale mezani. Alimwambia atarudi saa nane, akateremka ngazi kwa miguu kwa sababu hakutaka kukutana na mtu kwenye lifti.

Saa tatu alikuwa mbele ya bosi wake, mkuu wa majengo, ambaye ofisi nzima humwita Bwana Mita. Huyu bwana ukimwambia umepata mtoto, atakuuliza chumba chako kina mita za mraba ngapi. Bibi Viti alimweleza yote, ila habari ya baba alibaki nayo.

Bwana Mita hakupandisha sauti. Alifungua droo akamwonyesha barua mbili, zote zimeshasainiwa na mkurugenzi mkuu kabla hajasafiri. Moja ya kubaki, moja ya kuhama. Ile ya kuhama ikiwa ndiyo itakayotumika, lazima ifike mkononi mwa mwenye jengo leo kabla ya saa kumi kamili, na ikishapigwa muhuri hairudishwi. Isipofika, mkataba wa pango unaendelea wenyewe kwa miaka kumi mingine.

"Mimi sina upande, dada. Nina mita," alisema. "Niletee fomu yenye saini mbili, nitatoa barua nyingine. Bila fomu, hesabu yako ya Jumatano ndiyo hesabu."

Kisha akamkumbusha kwamba kanuni ya dalili ni ya kwake. Jumatatu Bibi Viti angeeleza mbele ya wakurugenzi namna makoti matupu yalivyopata kura, na baada ya hapo, kwa maoni yake Bwana Mita, kampuni haitakuwa na haja ya mpima viti. Bibi Viti akasema sawa. Alikwishakata shauri.

Kuanzia hapo hadi saa nane alikaa mezani kwake bila kufanya kitu. Mezani kuna simu, na simu ilimkumbusha jana.

Kila siku saa moja jioni humpigia baba yake, dakika tatu, hazizidi. Baba hukaa na simu mapajani kuanzia saa moja kasorobo. Muda mwingine wote huiacha chumbani, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayempigia. Jana alimwambia kwamba tangu mvua ile kubwa, jikoni kunanuka petroli.

Bibi Viti alicheka. Alimwambia, baba, umelala na mafuta miaka thelathini na miwili, harufu imekwishaingia mwilini. Mzee naye akacheka, akasema huenda ni magari ya wale waliokuja kupima nyumba. Kwenye safu yake amebaki peke yake, nyumba za jirani zote tupu, basi hakuna wa kumwuliza kama naye anaisikia.

"Funga madirisha, baba," Bibi Viti alimwambia. "Usifungue mpaka waondoke."

Baba akaahidi kuyafunga yote. Kisha akaanza kueleza jambo kuhusu mama, jambo refu, na Bibi Viti akasema anaitwa kwenye kikao. Hakukuwa na kikao. Alikuwa jikoni kwake, anatazama ukuta, amechoka na anaona haya kwa ajili ya ile ripoti.

Saa nane kamili alipanda ghorofa ya tisa.

Viti vilikuwa vitupu. Vyote arobaini na vinne. Makoti yalikuwa yamekunjwa vizuri ndani ya maboksi matatu, kila moja limebandikwa karatasi ya jina la mwenyewe. Vikombe vimeoshwa. Birika limefungwa waya wake. Sweta la buluu tu ndilo lililoachwa, kwenye kiti cha ishirini na saba, na juu ya meza hiyo ilikuwapo fomu.

Mzee Ramani hakuwapo. Bibi Viti aliita mara mbili, sauti ikazunguka ukumbini ikamrudia.

Akaitazama fomu. Waliopo: mmoja. Saini ya mkaaji ilikuwapo, ndogo, safi, kama jina la mto kwenye ramani. Na chini yake, kwenye kisanduku cha maoni, mzee alikuwa ameandika mengi, yamejaza kisanduku hadi ukingoni.

Bibi Viti akajua ni maneno ya kuaga. Nani mwingine mzee yule angemuaga? Alihisi machozi yakimjia, na leo hakuwa na nafasi ya kulia. Akatia saini yake, akaikunja karatasi bila kusoma maoni, akavaa sweta lake, akaondoka.

Bwana Mita aliangalia namba. Akaangalia saini ya kwanza, akaangalia ya pili. Chini ya hapo hakuangalia, kama ambavyo hakuna anayeangalia. Akatoa nakala moja ya fomu, akaitia kwenye faili, akamrudishia Bibi Viti karatasi yenyewe pamoja na barua ya kuhama, kisha akamwambia aipeleke kwa mkono wake kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaleta haya.

Msomaji, natamani ungeiona safari ile. Teksi ilikwama barabarani, Bibi Viti akashuka, akavua viatu, akakimbia vitalu vitatu vya majengo ameshika barua kifuani. Ofisi ya mwenye jengo lifti ilikuwa mbovu. Alipofika mapokezi hakuweza kusema, alinyoosha barua tu.

Karani alisoma polepole, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika hamsini na tatu. Karani akanyanyua muhuri, akausimamisha hewani.

"Ikishapigwa hakuna kurudi nyuma. Wakubwa zako wanajua?"

"Wanajua."

Muhuri ukashuka. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na sita.

Bibi Viti alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya mapokezi, na karani akamletea maji. Alikuwa amepoteza kazi na ameokoa nyumba. Hatua sita hadi mlangoni, kumi na moja hadi jikoni, hakuna atakayezigusa. Alitamani kumwambia mtu. Akapekua majina yote kwenye simu yake, kutoka la kwanza hadi la mwisho, na hakuona mtu wa kumwambia. Baba angesubiri saa moja, kama kawaida.

Ndipo akamkumbuka Mzee Ramani. Huenda amerudi kuchukua birika. Angalau amshukuru, na wakitaka wanywe chai.

Alifika ghorofa ya tisa saa kumi na dakika arobaini. Mzee hakuwa amerudi. Watu wa ghorofa nyingine walikuwa wamekwishaondoka kwa ajili ya mwisho wa wiki, na jengo zima lilinyamaza. Bibi Viti akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Akajaribu, kwa sauti ndogo, kusema sijambo. Akajiona mjinga, lakini akasema tena.

Kisha, kwa kuwa sasa hakuna kilichomharakisha, akatoa fomu mkobani akaikunjua ili asome maneno ya kuaga.

Hayakuwa ya kuaga.

"Hii ni mara ya tano naandika," mzee alikuwa ameandika kwa herufi zake ndogo. "Kampuni isihamie mtaa wa matangi kabla ya kusoma ramani ya droo ya kumi na moja. Bomba la kwanza la petroli lilizikwa kabla nyumba hazijajengwa. Linapita chini ya jikoni za nyumba namba kumi na tano hadi kumi na tisa. Lilifungwa ncha zote mbili, lakini petroli haikutolewa ndani. Mvua ikilegeza udongo litavuja. Ramani hii haimo kwenye kompyuta, ipo hapa tu, na ndiyo sababu nilivika viti makoti: nilitaka ghorofa isifungwe kabla mtu mmoja hajasoma. Leo umeniahidi utasoma, kwa hiyo nasaini."

Bibi Viti alisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili.

Alikimbilia makabati ya ramani, akavuta droo ya kumi na moja kwa nguvu hadi ikaanguka sakafuni. Ramani ilikuwa juu kabisa, imewekwa tayari, na juu yake kipande cha karatasi kinachoonyesha mahali pa kutazama. Mstari mwekundu ulitoka kwenye matangi, ukakata barabara, ukaingia nyumba namba kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Ulipita katikati ya jikoni, pale pale lilipo jiko.

Harufu ya petroli tangu mvua. Funga madirisha, baba. Usifungue mpaka waondoke.

Akapiga simu. Iliita. Aliiona kwa macho ya moyo, ipo chumbani juu ya kitanda, inaita mtu ambaye hana sababu ya kuisikiliza kabla ya saa moja kasorobo. Ikakatika. Akapiga tena.

Akapiga langoni kwa mlinzi wa mtaa. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haitumiki. Akakumbuka: mwezi uliopita alipendekeza simu ya langoni iondolewe, mtumiaji wake ni mmoja tu, na karatasi ya kuiondoa aliisaini yeye. Akawaza majirani. Kumi na tano, tupu. Kumi na sita, tupu. Kumi na nane, kumi na tisa, tupu. Yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiandika neno hilo.

Akapiga zimamoto, na aliyepokea akamwomba ataje mtaa, kisha nyumba, kisha atamke tena taratibu. Gari lao lilikuwa mbali na mtaa kuliko hata yeye kwa teksi.

Akarudia namba ya baba. Simu iliita na kuita, na Bibi Viti, amesimama kati ya viti vitupu katika sweta la mama yake, akajikuta anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. Mkono wa kulia kiberiti.

Saa ya ukutani ilionyesha dakika nane kabla ya saa kumi na moja, na baba hajawahi kuchelewa kuwasha jiko.